TV ya jina kubwa au ya bei nafuu? Mzazi aangalie haya kabla ya kulipa

Vitunguu swaumu vimeuzwa, deni la mbolea limelipwa, na katika nyumba moja ya Mbulu zimebaki Sh600,000. Baba anataka televisheni ya inchi 32 ya kampuni inayojulikana, ambayo dukani mjini inauzwa Sh520,000. Mama ameona nyingine ya ukubwa huohuo, yenye jina ambalo hajawahi kulisikia, kwa Sh280,000.

“Baba Watoto, hiyo tofauti ni sare na viatu vya watoto wawili,” anasema mama.

“Sawa, lakini hii ya rahisi ikizima baada ya miezi mitatu, tutanunua mara mbili,” anajibu baba.

Bei zinaweza kuwa tofauti, lakini mabishano haya yapo kwenye nyumba nyingi kila baada ya mavuno au mshahara. Ukweli ni kwamba baba na mama wote wana hoja. Kinachokosekana ni maswali ya kumuuliza muuzaji.

Jina si kiwanda

Wazazi wengi huamini jina lililoandikwa mbele ya TV ndilo lililoitengeneza. Si lazima iwe hivyo. Tangu mwaka 2012, televisheni za Philips zimekuwa zikitengenezwa na kampuni ya TP Vision kwa kibali cha kutumia jina hilo. Biashara ya televisheni za Toshiba nayo ilinunuliwa na Hisense ya China mwaka 2018. Kioo chenyewe, ambacho ndicho sehemu ya gharama kubwa zaidi, hutoka kwenye viwanda vichache, vingi vikiwa China, na huuziwa kampuni kubwa na ndogo.

Hiyo haina maana kwamba TV zote ni sawa. Kampuni kubwa kwa kawaida huchagua vioo bora, hukagua zaidi kabla ya kufunga boksi, na huwa na mawakala wa kutengeneza. Ya bei nafuu hupunguza gharama kwenye spika, taa za ndani, bodi ya umeme na rimoti. Kwa hiyo anayelipa zaidi hulipia vitu hivyo, na sehemu nyingine ya fedha hiyo ni matangazo.

Swali la kwanza: nani ataitengeneza?

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, wakala wa kampuni kubwa huenda yupo safari ya daladala moja. Kwa mkazi wa Dongobesh au Haydom, TV ikiharibika huenda ikalazimika kupanda basi hadi Babati au Arusha. Nauli, siku za kusubiri na hatari ya kioo kupasuka njiani ni sehemu ya bei, hata kama hazikuandikwa dukani.

Ndiyo maana kabla ya kununua, ni vizuri mzazi apite kwa fundi wa mjini na kumuuliza TV gani anazipokea mara kwa mara, na spea za ipi zinapatikana. Taa za ndani na bodi ya umeme mara nyingi hutengenezeka. Kioo kikipasuka, gharama yake hukaribia bei ya TV mpya, iwe ya jina au isiyo na jina.

Dhamana iandikwe. Maneno ya “ikisumbua urudishe” hayatoshi. Karatasi ya dhamana iwe na muhuri wa duka, tarehe, namba ya TV iliyo nyuma ya mashine, na muda wenyewe. Risiti ya EFD nayo idaiwe, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa kwanza iwapo mteja atalazimika kulalamika.

TV yenye jina kubwa lakini bei ya ajabu nayo itiliwe shaka, kwani inaweza kuwa bandia. Mnunuzi alinganishe maandishi ya kwenye boksi, nyuma ya TV na yale yanayotokea kwenye skrini inapowashwa. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Iwashwe dukani

TV isinunuliwe ikiwa ndani ya boksi. Muuzaji aombwe aiwashe kwa angalau dakika 15. Skrini ikiwa nyeupe kabisa, madoa na mistari huonekana. Ikiwa nyeusi, pembeni hapatakiwi kuvuja mwanga mwingi. Mnunuzi asimame pia upande, maana sebuleni si wote wanaokaa katikati, na kwenye vioo vya hali ya chini anayekaa pembeni huona rangi zimefifia.

Sauti iongezwe ili kusikia kama spika zinakwaruza. Matundu yote ya nyuma yajaribiwe, hasa la HDMI, ambalo ndilo litakalounganishwa na king'amuzi.

Kama ni smati TV, muuzaji aoneshe programu zikifunguka. Baadhi ya TV za bei nafuu hutumia mfumo wa zamani usiopata maboresho, na baada ya muda programu hugoma. Kwa familia inayotazama kupitia king'amuzi na isiyo na bando la kutosha, hakuna haja ya kulipia usmati ambao hautatumika.

Kuna jambo ambalo baadhi ya TV za bei nafuu huzishinda zile kubwa: zina tundu la volti 12, hivyo huunganishwa moja kwa moja na betri ya sola. Kwa nyumba ya kijijini isiyo na umeme wa TANESCO, hilo linaweza kuwa na maana kuliko jina.

Umeme nao uhesabiwe. TV inayotumia wati 50, ikiwashwa saa tano kwa siku, hula takriban uniti saba na nusu kwa mwezi. Wati huandikwa nyuma ya mashine. Umeme ukikatika, ichomolewe, kwa sababu unaporudi kwa nguvu ndipo bodi huungua. Wakati wa radi, waya wa antena au dishi nao uchomolewe.

Macho na usalama wa watoto

Wapo wanaoamini kuwa TV ya rahisi hupofusha watoto. Skrini bapa, ya bei yoyote, haitoi mionzi ya kuharibu macho. Kinachochosha macho ni kutazama kwa muda mrefu, mwanga mkali katika chumba chenye giza na skrini inayopepesa. Mtoto anayesogelea TV kila mara asigombezwe tu. Huenda haoni vizuri mbali, na anastahili kupimwa macho.

Hatari kubwa zaidi ni TV kumwangukia mtoto. Skrini bapa ni nyepesi kuliko TV ya chogo, lakini miguu yake ni myembamba na huinamia mbele kwa urahisi. Mtoto wa miaka miwili akivuta kitambaa cha meza, vyote humwangukia kichwani. Meza iwe pana na fupi, bila kitambaa kinachoning'inia, na nyaya zifichwe nyuma. Inayofungwa ukutani ifungwe na fundi, maana ukuta wa tofali za udongo haushiki skrubu kama wa saruji. Rimoti na wanasesere wasiwekwe juu ya TV, kwa kuwa mtoto atapanda kuvifuata.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Hapo hakuna tofauti kati ya TV ya Sh280,000 na ya Sh520,000.

Walichoamua

Wazazi wale wawili walirudi dukani pamoja. Muuzaji wa ile TV ya Sh280,000 alikubali kuandika dhamana ya wiki mbili tu. Wakaiacha. Duka la pili lilikuwa na nyingine ya Sh350,000, si jina kubwa, lakini fundi wa mjini anaifahamu na dhamana yake ni mwaka mmoja, yenye muhuri. Ikawashwa, ikatazamwa mbele na pembeni, ikasikilizwa. Kisha ikapakiwa kwenye gari ikiwa imesimama, si kulazwa.

Wakaongeza kifaa cha kuzuia umeme mkubwa na breketi ya ukutani, jumla Sh45,000. Zikabaki Sh205,000.

“Sasa twende kwenye viatu,” akasema mama.