Shahada ya askari ipimwe kwenye jalada



Natoa maoni yangu juu ya askari polisi wanaosomea shahada za sheria na haki jinai huku wakiendelea na kazi. Jambo hili huzungumzwa sana vituoni, lakini kwa minong'ono. Wapo wakubwa wanaoona kuwa askari anayesoma anakimbia lindo, na wapo askari wanaoiona shahada kuwa ngazi ya kupandia cheo. Wananchi nao huuliza: mtu wa kukamata wezi anahitaji shahada ya nini?

Mimi ni sajini mstaafu wa upelelezi. Nilisoma shahada ya sheria kwa njia ya masafa kwa muda wa miaka sita, nikiwa kazini. Naona kuwa wote hao wanatumia mizani isiyo yake. Shahada ya askari ipimwe kwenye jalada la kesi.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imempa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu anapokuwa chini ya ulinzi, na muda huo huongezwa kwa utaratibu maalumu tu. Maelezo ya onyo yaliyoandikwa nje ya muda huo bila utaratibu kufuatwa yamo hatarini kuondolewa kwenye ushahidi, na Mahakama ya Rufani imekwisha kuyaondoa mara kadhaa. Sheria ya Ushahidi nayo, inapozungumzia ungamo mbele ya polisi, humtambua polisi kuanzia cheo cha koplo. Maana yake ni kwamba koplo mmoja aliye zamu ya usiku anaweza kuandika karatasi itakayotumika katika kesi ya mauaji. Karatasi hiyo ikiwa mbovu, ama muuaji atarudi kijijini, ama asiye na hatia atakaa mahabusu miaka. Sijui kazi gani nyingine serikalini yenye mzigo kama huo hukabidhiwa mtu aliyepewa mafunzo ya miezi michache, kisha akaachwa ajifunze kwa kumtazama mwenzake.

Nichukue mfano wa panga. Mgambo analiokota penye tukio, analipeleka ofisi ya kijiji, mtendaji analileta kituoni, linakaa kwenye droo, kisha linapelekwa kwa mkemia na kurudi. Mahakamani wakili anauliza swali moja tu: kati ya siku ile na leo, panga hili lilikuwa mikononi mwa nani? Kama hakuna aliyeandika, swali hilo laweza kuiangusha kesi. Katika uamuzi wake mmoja wa mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba yatakiwa maandishi yanayoonyesha hatua kwa hatua kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyochunguzwa. Baadaye mahakama hiyo hiyo ilifafanua kuwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa havihitaji ukali uleule. Askari asiyesoma hukumu hizi ataambiwa la kwanza asijue la pili, au asiambiwe lolote. Kesi ikifutwa, wananchi husema hakimu amekula rushwa. Mara nyingi hakimu hakula kitu. Jalada ndilo lililokuwa na njaa.

Zamani upungufu huu ulifichika kwa kuwa mpelelezi na mwendesha mashtaka walikuwa polisi wote wawili, nao walielewana. Sheria ya mwaka 2008 iliweka msingi wa kutenganisha kazi hizo, na mwaka 2018 ikaanzishwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Leo jalada la polisi husomwa na wakili wa serikali mwenye shahada ya sheria, naye hulirudisha pale penye pengo. Si haki kumwacha mpelelezi aseme naye kama mtu wa ng'ambo ya mto, anayesikia sauti asishike maneno.

Masomo yalinifaa nini? Yalinifundisha kuanza kuandika nikiwa na swali la wakili kichwani, na kumwuliza shahidi alisimama wapi, taa ilikuwa ipi, na alimfahamu mtuhumiwa tangu lini, kwa sababu utambuzi wa usiku huanguka kwa mambo hayo. Yalinifundisha pia kumwachia mtu ambaye sina ushahidi juu yake, bila kuona aibu mbele ya wenzangu.

Lakini niliyapata kwa shida. Siku mbili kabla ya mtihani nilipangiwa kusindikiza mtuhumiwa hadi mkoa mwingine, ingawa ratiba yangu ya mitihani ilikuwa mezani kwa mkubwa wangu tangu mwezi uliotangulia. Ikabidi ningoje msimu mwingine. Nilipohitimu, kituo nilichokuwa nikifanya kazi kilinihamishia stoo ya vifaa. Kwa karibu miaka miwili shahada yangu ya sheria ilihesabu mablanketi na viatu, na majalada yakaendelea kurudishwa kutoka kwa mawakili wa serikali. Aliyepata hasara hapo si mimi peke yangu. Ni yule mama aliyekuja kituoni kuuliza kesi ya mwanawe imefikia wapi.

Inafaa tutazame waliotutangulia. Huko Marekani, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, August Vollmer, alishirikiana na Chuo Kikuu cha California kuanzisha masomo ya polisi mwaka 1916. Mwaka 1967 tume ya Rais wa nchi hiyo ilipendekeza kwamba lengo la mwisho liwe kila askari mwenye madaraka ya kukamata awe na shahada. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya serikali kutoa fedha. Askari aliye kazini alipata ruzuku, na aliyekopa alifutiwa robo ya deni kwa kila mwaka aliotumikia. Vyuo vikachipuka kama uyoga. Mwaka 1978 ripoti iliyoongozwa na Lawrence Sherman ikatoa lawama kali: vyuo vingi vilikuwa vikirudia mafunzo ya depo na kuyaita elimu ya juu, na baadhi ya walimu walikuwa na hadithi nyingi za kazini na elimu haba. Ripoti ikashauri kwamba ni heri kuajiri waliosoma kuliko kuwasomesha walioajiriwa.

Lawama hiyo naikubali, ushauri wake siukubali kwa hali yetu. Jeshi letu sasa linapokea vijana wenye shahada, na ni vizuri. Lakini ujuzi wa miaka kumi na mitano ya kaunta haununuliwi chuoni. Anayejua jinsi mwizi wa ng'ombe anavyopita mpakani, au jinsi mtoto aliyedhulumiwa anavyonyamaza mbele ya baba yake, ni yule sajini mzee. Mpe sajini huyo sheria, nawe utapata mpelelezi.

Uingereza nao wana somo lao. Walipanga kwamba kuanzia mwaka 2020 kila askari mpya awe na shahada au aipate akiwa kazini. Mkuu wa polisi wa Lincolnshire alikwenda mahakamani kupinga, akisema masomo yatawaondoa askari mitaani. Alishindwa mwaka 2019. Lakini Novemba 2022 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Suella Braverman, aliagiza mlango wa wasio na shahada ubaki wazi. Funzo ni kwamba shahada ikifanywa lango la kuingilia, huwafungia nje watu wema. Na masomo yasipopangiwa muda, lindo hubaki tupu.

Wala tusidai makuu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, juu ya askari wa miji ya Indianapolis na St. Petersburg, ulionyesha kuwa waliosoma chuo walitumia nguvu kwa uchache zaidi, ila katika kukamata na kupekua hawakuwa na tofauti na wenzao. Elimu basi haimgeuzi mtu malaika. Hupunguza kofi, nalo si jambo dogo kwa anayepigwa.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. La kwanza, askari aliyekubaliwa chuoni apangiwe zamu kwa kufuata ratiba ya mitihani, na ratiba hiyo iandikwe kituoni kama yanavyoandikwa malindo. La pili, anayehitimu arudishwe kwenye upelelezi kwa muda maalumu, asikimbilie ofisini wala asifichwe stoo. La tatu, vyuo vifundishe kwa majalada halisi yaliyokwisha kuamuliwa, majina yakiwa yameondolewa, na mawakili wa serikali waalikwe kueleza kwa nini waliyarudisha. La nne, lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu. Askari huandika maelezo kwa Kiswahili, shahidi husema kwa Kiswahili, lakini shahada inasomwa kwa Kiingereza. Wenzangu wawili hodari waliacha masomo, si kwa kushindwa sheria bali kwa kushindwa lugha ya kitabu.

Watasema fedha hazipo. Mengi ya haya hayahitaji fedha, yanahitaji kalamu ya mkuu wa kituo. Watasema pia kuwa waliosoma wataacha kazi. Baadhi wataacha. Lakini askari hamkimbii mwajiri kwa sababu amesoma. Humkimbia kwa sababu amesoma na hakuna anayetaka alichosomea.

Julai 2023, tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake juu ya taasisi za haki jinai, yenye mapendekezo ya mageuzi makubwa, likiwemo Jeshi la Polisi. Mapendekezo hayo, hata yakiandikwa vizuri namna gani, mwisho wake yatafika kwenye kaunta saa nane ya usiku, mbele ya koplo mmoja, mtuhumiwa mmoja na karatasi tupu. Koplo huyo akiomba ruhusa ya kwenda kufanya mtihani, apewe.

Wako,
Sajini Mstaafu,
Morogoro.