KITABU CHA HUKUMU NI CHA NANI?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wakaaji wa Bunia, akina mama wa soko,

Leo twataka kusema juu ya mtu mmoja ambaye wengi wenu hamjamwona uso, lakini yeye anayo majina ya watu. Ni karani wa kitabu cha hukumu. Anakaa nyuma ya meza, ana rejista, ana muhuri. Ukitafuta kazi ya ulinzi, ya serikali, ama ya kombania ya dhahabu, waweza kuambiwa: lete kwanza karatasi ya kasie. Ndipo karani hufungua kitabu na kutafuta jina lako. Kwa mstari mmoja wa wino watoto wako watakula, ama hawatakula.

Hatumchukii karani. Huenda ni ndugu yetu, ana mshahara mdogo na watoto wa kusomesha. Twauliza jambo lingine: kitabu anachokishika ni cha nani? Ni cha raia, ama bado ni cha Bula Matari?

Wazee wanaikumbuka habari hii, vijana waisikie. Dhahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa mwaka 1905. Ili migodi ipate mikono, Wabelgiji walitumia fimbo, kodi na karatasi. Kwa amri ya mwaka 1922 juu ya kontra ya kazi, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya siku zake kutimia aliweza kufungwa. Angalieni, ndugu: hakuiba, hakupiga mtu, hakuua. Alichoka, ama mama yake aliugua kijijini, akaondoka. Hilo likaitwa kosa la gereza. Na kwa amri ya mwaka 1917 juu ya mazao ya lazima, mkulima aliyekataa kulima shamba la pamba naye aliweza kutiwa buloko.

Basi kitabu kilipoandika kwamba fulani amehukumiwa, kiliandika nini? Kiliandika kwamba fulani amekataa kuwa mali ya mwingine. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Aliyetunga sheria ndiye aliyeshika kalamu, na aliyeshika kalamu ndiye aliyesema nani mwema na nani mbaya.

Jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo hayo. Tangu mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Bwana aliandika humo siku ya kuingia kazini, mshahara, na siku ya kutoka. Aliyekimbia shamba la mzungu alitafutwa kwa vidole vyake mwenyewe. Mipaka ilikuwa mbalimbali, lakini dawa ilikuwa moja: mtu mweusi atembee na ushahidi juu yake.

Hapa kwetu, mwaka 1948, Wabelgiji walileta kadi ya sifa njema kwa wale waliowaita walioendelea. Aliyeitaka alichunguzwa maisha yake: asiwe na wake wengi, asiwe mwizi wala mdanganyifu. Mwaka 1952 wakaleta daraja nyingine, ya juu zaidi. Patrice Lumumba aliiomba, wakamkataa kwanza, kisha wakampa. Hata mtu wa akili kama ile alipaswa kusimama mbele ya meza, wengine wamwamulie kama anastahili kuitwa mtu.

Tuendelee na Lumumba, kwani historia yake ndiyo jibu letu. Mwaka 1956 alikamatwa kwa habari ya fedha za posta ya Stanleyville, akahukumiwa, akafungwa, akatoka mwezi wa Septemba 1957. Hatuandiki hapa kumsafisha. Tunasema tu kwamba jina lake liliingia kitabuni. Mwaka 1958 akawa kiongozi wa MNC. Tarehe 21 Januari 1960 akahukumiwa tena miezi 6, kwa sababu ya machafuko ya Stanleyville ya mwaka 1959. Siku chache baadaye walewale waliomfunga walimtoa, wakampeleka Brussels kwenye Meza ya Duara, kwani bila yeye mazungumzo yalikuwa bure. Tarehe 30 Juni 1960 alisimama mbele ya Mfalme Baudouin akiwa Waziri Mkuu wa Kongo.

Sasa twauliza: kama siku ile karani angeketi mlangoni pa Bunge na kusema, huyu ana hukumu mbili, asiingie, Kongo ingepata nini?

Na Simon Kimbangu je? Mwaka 1921 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akakaa gerezani miaka 30, akafa Elisabethville mwaka 1951. Kosa lake lilikuwa kuhubiri na kukusanya watu. Ni mwaka 2011 tu ambapo mahakama kuu ya kijeshi huko Kinshasa ilimrudishia heshima yake. Mstari ulioandikwa kwa siku moja ulingoja miaka 90 kufutwa, na huyu ni mtu mwenye wafuasi mamilioni. Wewe mchimbaji, wewe dereva wa pikipiki, nani atakudai jina lako kwa miaka 90?

Watu watasema: hayo ni ya zamani, Wabelgiji wameondoka. Kweli wameondoka. Lakini tazameni meza ile leo.

Kwanza, majina. Kazi ya karani ni kujua kwamba fulani aliyehukumiwa ndiye fulani aliyesimama mbele yake. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru watu waache majina ya ubatizo na kushika majina ya mababu. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi. Basi wako wazee wenye jina moja katika karatasi hii na jina lingine katika karatasi ile. Kisha kwa miaka mingi Mkongomani hakupata kitambulisho cha taifa. Alitembea na kadi ya mchaguzi. Kwetu jina la babu mmoja laweza kuitwa na wajukuu kumi. Tuseme mmoja wao ameiba mbuzi. Je, wale tisa wawe wezi pia kwa sababu karani hana njia ya kuwatenga?

Pili, gereza. Gereza kuu la Bunia lilijengwa kwa watu 500. Limepata kujaa zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, na wengi ndani yake walikuwa bado hawajahukumiwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kila mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Lakini mtaani mtu akitoka buloko huitwa mfungwa, hata kama hakuna hakimu aliyemsikiliza. Tajiri akisikia tu, anafunga mlango. Kukamatwa kumekuwa hukumu.

Tatu, mahakama. Tangu tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipowekwa Ituri na Kivu ya Kaskazini, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwa mahakama za kijeshi. Twajua sababu iliyotolewa: damu ya watu wetu ilikuwa ikimwagika, na bado tunawalilia. Lakini raia aliyehukumiwa na askari kwa jambo la mtaani hubaki na karatasi inayosema ni mahakama ya kijeshi iliyomhukumu. Mwenye kuisoma karatasi hiyo huogopa kabla hajauliza kosa lilikuwa nini.

Nne, nasi hatuogopi kulisema, huruma ya serikali inapanda juu wala haishuki chini. Thomas Lubanga alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya The Hague mwaka 2012 kwa kuwatia watoto katika vita hapa Ituri. Alipewa miaka 14, akaimaliza mwaka 2020. Mwaka 2021 serikali ilimpa kazi katika kundi la kutafuta amani ya Ituri. Yaliyofuata baadaye watu wa Bunia wanayajua. Hatusemi kwamba mtu aliyemaliza kifungo asipewe kazi. Twasema kinyume chake: kama mlango ulifunguka kwa mkubwa mwenye hukumu ya dunia nzima, kwa nini unafungwa kwa kijana aliyefungwa miezi mitatu kwa ugomvi wa baa, akatoka, akaoa, akaacha pombe? Wazee walisema, kosa moja haliachi mke. Je, laachisha kazi maisha yote?

Msituelewe vibaya. Hatusemi kitabu kichomwe. Mama anayempeleka binti yake shuleni ana haki ya kujua kwamba mwalimu hakuhukumiwa kwa kunajisi watoto. Mwenye duka ana haki ya kujua juu ya mlinzi wake wa usiku. Kitabu kinachosema kweli ni ngao ya wanyonge. Kwa hiyo twataka kiseme kweli.

Haya ndiyo madai yetu:

Kitabu kiandike hukumu ya mwisho tu, wala kisiandike mashitaka, kukamatwa au uvumi.

Kila mtu aonyeshwe kilichoandikwa juu yake, naye aweze kukipinga mbele ya hakimu.

Kosa dogo lifutwe lenyewe baada ya miaka iliyotajwa na sheria, mtu asipige magoti kwa yeyote.

Bei ya karatasi ibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa, kwa Kifaransa na Kiswahili, na kila faranga iwe na risiti.

Kombania ziulize kosa linalogusa kazi tu. Kuna nini kati ya ugomvi wa miaka kumi iliyopita na kusukuma toroli la mawe?

Na karani alipwe mshahara wa kumtosha, ili kalamu yake isiwe na njaa.

Nasi tuna sehemu yetu, ndugu. Anayenunua karatasi ya uongo sokoni anaharibu karatasi ya kweli ya jirani yake. Anayeweka noti chini ya meza anamfundisha karani kwamba jina jema ni bidhaa, na kesho atakayelipa zaidi atanunua hata jina lako. Dai risiti. Ukinyimwa, usiende peke yako mara ya pili: nendeni watu watano, nendeni kumi, mkaulize kwa heshima na kwa sauti moja.

Mwaka 1960 tulichukua bendera. Tulichukua ofisi, viti na mihuri. Kitabu cha hukumu tulikirithi vilevile kilivyokuwa, na tukaendelea kuandika pale Mbelgiji alipoachia. Sasa tukichukue na hicho. Uhuru wa mtu huanza kwa jina lake, na jina la mfanyakazi wa Ituri si mali ya serikali wala ya kombania.

Umoja, ndugu. Soma, kisha mpe jirani naye asome.