Kufaktoraizi si uchawi, mshikaji

Wiki hii tunaweka kando habari za mapenzi na viwanja vya kujirusha. Naingia darasani, na wewe wa Form Two au Form Three usikimbie, hii ni yako.

Kuna masela kibao wanaopiga chini Hesabu kwa ajili ya kitu kimoja: kufaktoraizi. Wanaona 6x² + 11x + 3 ubaoni, wanafunga daftari, "mimi ni mtu wa Arts bwana." Hapo unajikaanga mwenyewe. Hesabu ni lazima mpaka Form Four, hata kama unataka kuwa mwanasheria, na ukikwama hapa milinganyo na grafu zake zote zitakupita.

Ile nyepesi unaijua. x² + 7x + 12: tafuta namba mbili ambazo ukizidisha unapata 12, ukijumlisha 7. Ni 3 na 4. Jibu (x + 3)(x + 4), kwisha kazi.

Balaa linaanza x² ikija na namba mbele yake. Wengi wanabunia mabano, wanafuta, wanabunia tena mpaka karatasi inatoboka. Acha hiyo. Zidisha namba ya kwanza kwa ya mwisho: 6 mara 3, 18. Sasa tafuta mbili zinazotoa 18 zikizidishwa na 11 zikijumlishwa. 9 na 2, si ndiyo? Ipasue 11x: 6x² + 9x + 2x + 3. Za mwanzo zinatoa 3x(2x + 3), za mwisho 1(2x + 3). Mabano yamefanana kama Kulwa na Doto, basi jibu ni (3x + 1)(2x + 3).

Kwa nini inakubali? Twisheni nyingi hawakwambii, wanataka ukariri tu. Fungua (px + q)(rx + s). Katikati unapata ps na qr. Zizidishe, ni pqrs. Namba ya kwanza ni pr, ya mwisho qs; zizidishe, pqrs ile ile. Mazingaombwe hakuna.

Halafu kuna zinazogoma kabisa. x² + 5x + 3 unaweza kukesha nayo na mshumaa. Kabla hujajichosha, izidishe namba ya katikati kwa yenyewe, kisha toa 4 mara ya kwanza mara ya mwisho. Hapa ni 25 toa 12, inabaki 13, haina kipeuo kamili. Achana na mabano, kamata fomula. Ile ya ubaoni je? 121 toa 132? Aka! Ni 4 mara 18, yaani 72. Inabaki 49, kipeuo chake 7, ndiyo maana ilikubali.

Haya, ya nyumbani: 8x² – 2x – 15. Chunga alama za kutoa, ndizo zinazowaliza watu. Ukifika kwenye –12 na 10 ujue uko njiani, mabano malizia mwenyewe.