Jiwe la kwanza tuliliona. Manjanja ya mwisho iko wapi?



Kuko shantiye moja katika mji wetu wa Butembo ambayo sisi wote tunapita mbele yake. Ni shule. Siku ya jiwe la kwanza kulikuwa viti vya plastiki, fanfare, kamera na hotuba tatu. Leo kuta zimefika kwenye madirisha, ferabeto zinashika kutu, na ndani watu wanafunga mbuzi. Watoto wa kartie bado wanasoma chini ya bashi. Mvua ikianza kupiga, mwalimu anafunga somo, kwa sababu hakuna anayemsikia.

Tulienda kuuliza maswali matatu tu: kazi hii ni ya bei gani, nani anajenga, na itaisha lini? Hakukuwa hata kibao. Mzee anayelinda pale alitujibu: «Bana yangu, hata mie niko nangojea mushahara wa miezi ine.»

Desturi yetu ni kusema: wamekula! Na kweli, wanakulaka. Lakini tukiishia pale, tunajidanganya. Kumbukeni kesi ya programu ya siku 100, ile ya nyumba za kuunganisha. Nchi nzima iliifuata kwenye televisheni. Hukumu ilitoka Juni 2020, na Juni 2022 mahakama ya rufaa ikamwachilia mshitakiwa mkubwa. Tulibishana miaka miwili: mwizi ao si mwizi? Ni wangapi kati yetu walibaki kuuliza nyumba ngapi zimesimama, na wapi?

Wengi kati yetu tulisoma ujenzi, na tuko nyumbani na diplome zetu. Tukasema basi, turudilie vitabu. Watafiti wamechunguza kwa nini kazi za ujenzi zinachelewa na kuzidi bei. Nchini Ghana, utafiti uliotoka 2003 juu ya miradi ya maji ya chini ya ardhi uliweka mbele ya yote shida ya malipo ya kila mwezi kutoka kwa mwenye kazi. Nyuma yake kulikuja usimamizi mubaya wa mjenzi, vifaa kukosekana, na bei kupanda. Hata Ulaya na Marekani hawako watakatifu: mwaka 2002, Bent Flyvbjerg na wenzake walionyesha kwamba kati ya miradi 258 ya usafiri katika nchi 20, karibu 9 kwa 10 ilipita bei iliyotangazwa. Barabara zilizidi kwa 20% hivi, reli kwa 45%.

Sasa angalieni namna inapitikana kwetu. Mjenzi anapewa avansi. Ananunua simenti, anapandisha kuta mpaka kwenye madirisha, anapeleka fakture. Karatasi inatoka meza hii, inaenda meza ile, inapanda ndege kwenda Kinshasa, inalala. Kiisha miezi sita, simenti imepanda bei, mafundi wamekimbilia kwingine, mvua imekula ukuta usiofunikwa. Feza ikifika kidogo, anapunguza simenti kwenye beto, anatumia mchanga wenye udongo, hangoji ile siku 28 ya kupima nguvu ya beto. Mjenzi mdogo mwenye moyo safi anaanguka. Anayebaki ni yule aliye na mtu ofisini wa kusukuma karatasi yake, na huyo mtu hasukumi bure. Kwa hiyo kuchelewa kulipa na rushwa ni ndugu wa tumbo moja: moja inamzaa mwingine.

Tena kuko kazi zinazochorwa mbali, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kilima chetu. Udongo haupimwi. Plan moja ya shule inatumwa kwenye bonde na kwenye mlima. Njo maana mitaro inabebwa na maji mwaka ule ule ilipojengwa.

Programu ya territoires 145 imeahidi shule, centres de santé na barabara kila pembe ya nchi. Wazo ni zuri, hatulikatae. Lakini ilipewa mashirika matatu kuiendesha, na raia wa kijijini hajui agonge mlango gani jengo lake likisimama.

Ng'ambo ya Kasindi, Uganda imejiunga na CoST, umoja ulioanza 2012 wa nchi zinazokubali kutangaza habari za kazi za ujenzi wa serikali, na watu wa nje wanazihakikisha. Barabara za Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Goma, 223 km, nchi mbili zilizianzisha pamoja Juni 2021. Barabara ikiwa moja, haki ya kusoma kontra iwe moja pia. Na katiba yetu, article 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Si zawadi ya mkubwa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kibao mbele ya kila shantiye: bei, mjenzi, msimamizi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kibao kisipokuwepo, kazi isianze.

2. Malipo yafuate kazi iliyopimwa, katika siku zilizoandikwa. Serikali ikichelewa, iseme mbele ya watu sababu ni nini.

3. Kila shantiye ya serikali ichukue vijana wawili wa mji waliosoma ujenzi, na mushahara, kwa kupima na kuandika kila siku. Hatuombi huruma. Tunajua kupima beto.

4. Komite ya wazazi na kartie iwe na haki ya kuingia na kuuliza.

Na sisi pia, wandugu, tusijifiche. Ule mfuko wa simenti unaouzwa jioni kwa bei ya chini, tunajua umetoka wapi. Anayeununua ameiba ukuta wa darasa la mtoto wake. Tulizoea salongo, tulijitengenezea njia kwa mikono yetu. Kulinda kazi iliyolipwa na feza yetu haiwezi kutushinda.

Tangu Jumamosi hii tutapita kila shantiye iliyosimama katika mji. Tutapiga picha, tutaandika urefu wa kuta, tutarudi mwezi unaofuata kupima tena. Kuja na daftari na mita. Mawe acheni nyumbani, mawe yako mengi pale, yanangojea masoni.

Imetendeka Butembo.