Kansas wanaandika vimbunga vyao, sisi tunasahau maji yetu

Tarehe 20 Mei 1916 tonado ilipita karibu na Codell, kijiji cha wakulima katika kaunti ya Rooks, jimbo la Kansas, huko Marekani. Watu wakamshukuru Mungu, wakaendelea na mashamba yao. Mwaka 1917, tarehe ile ile 20 Mei, ikaja nyingine, nayo ikapita pembeni. Mwaka 1918, tarehe ile ile tena, ikaja ya tatu giza likiwa limeshaingia. Safari hii haikupita pembeni. Iliingia kijijini, ikabomoa majengo na kuua watu wapatao 10 katika eneo hilo.

Tonado si kile kisulisuli cha vumbi tulichokirushia mawe utotoni tukiambiwa ni shetani anapita. Ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa nguvu, inayoshuka kutoka kwenye wingu zito la radi hadi ardhini. Mara nyingi hudumu dakika chache tu, lakini ile kali hung'oa nyumba na kuacha msingi mtupu. Kansas iko pale ambapo hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu ya magharibi, na Mei ndio mwezi mbaya kuliko yote. Kwa hiyo hapakuwa na uchawi Codell. Tarehe kufanana ni sadfa, ila Mei yenyewe haikuwa sadfa hata kidogo.

Najua wapo watakaouliza, sisi wa mpakani tunahusika vipi na upepo wa Wamarekani? Naomba subira, nitafika.

Wamarekani nao hawakuanza na hekima. Kwa miaka mingi, tangu mwishoni mwa karne ya 19, idara yao ya hali ya hewa ilikwepa kabisa kulitaja neno "tonado" katika utabiri wake, kwa hofu kwamba wananchi watataharuki. Neno lenyewe liliruhusiwa wazi mwaka 1950 tu. Hebu fikiria, mtu anakufa kwa kitu ambacho serikali inaogopa kukitaja jina!

Kilichobadilisha mambo ni daftari. Machi 20, 1948, tonado ilipiga kambi ya ndege za kijeshi ya Tinker, jimbo la Oklahoma. Maofisa wawili, Ernest Fawbush na Robert Miller, wakaagizwa watafute kama jambo hilo lingeweza kujulikana mapema. Wakakaa na kumbukumbu za dhoruba za zamani, wakatazama hali ya hewa ilikuwaje kabla ya kila moja. Siku tano baadaye, Machi 25, wakaona hali ile ile imerudi. Wakatoa onyo. Jioni hiyo tonado ikapiga kambi ile ile. Ndege zilizoweza kuhifadhiwa zilikuwa zimeshahifadhiwa.

Sasa chukua miji miwili ya Kansas uilinganishe. Udall, kaunti ya Cowley, ulikuwa mji wa watu wapatao 600. Usiku wa Mei 25, 1955, watu wakiwa wameshalala au wanajiandaa kulala, tonado iliwakuta bila onyo kuwafikia. Waliokufa walikuwa kama 80. Greensburg, kaunti ya Kiowa, ulikuwa na watu wapatao 1,400. Usiku wa Mei 4, 2007 ulipigwa na tonado yenye upana wa zaidi ya kilomita mbili na nusu, na kiasi cha asilimia 95 ya mji ikateketea. Waliokufa ni 11. Upepo haukuwa na huruma zaidi mwaka 2007. Ving'ora vililia kama dakika 20 kabla, na watu walijua pa kukimbilia, yaani vyumba vya chini ya ardhi ambavyo babu zao walijifunza kuvichimba baada ya kuzika wengi.

Na wengine huko walitegemea imani, msidhani ni sisi tu. Mjini Topeka waliamini kilima cha Burnett's Mound kinawakinga. Juni 8, 1966 tonado ilipanda juu ya kilima hicho hicho, ikateremka mjini na kuua watu 16.

Mimi ni mmoja wa waliorejea. Wazazi wangu waliondoka Burundi mwaka 1972, mimi nikazaliwa ng'ambo, upande wa Tanzania, na mwaka 2008 nikarudi nchi niliyokuwa nikiisikia tu kwenye mazungumzo ya jioni. Nilinunua kiwanja upande wa Gatumba, karibu na njia ya kwenda Uvira, kwa sababu nilikuwa nafanya biashara ya mawese na vitenge. Bei ilikuwa ya chini. Nikajiona mjanja.

Msingi ulikuwa umeshamwagwa pale mzee mmoja alipokuja kunitazama. Akasimama kimya, kisha akanyoosha fimbo kwenye mwembe. "Mwanangu, mwaka wa 64 hapa tulipita na mtumbwi. Maji yalifika pale kwenye tawi."

Nilimwuliza aliyeniuzia. Akasema wazee hupenda hadithi.

Lakini mzee alikuwa sahihi. Mwaka 1964 Ziwa Tanganyika lilipanda juu sana, na waliokuwa watu wazima wakati ule walijua ni ardhi gani isijengwe. Miaka minane baadaye, wengi wao walikimbia. Ujuzi ule ukaenda nao kambini na makaburini, na sisi watoto wao tukarudi na mabati na majembe, bila ujuzi. Niliacha msingi ule. Majirani wakanicheka. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo, Gatumba ikajaa maji na maelfu wakahama. Mwezi huo huo, ng'ambo ya mpaka, mafuriko ya Uvira yaliua makumi ya watu. Maji hayaonyeshi kibali mpakani. Na bado tulikuwa na onyo la karibu zaidi, usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, mafuriko na matope yalipoua zaidi ya watu 60 kaskazini mwa Bujumbura.

Greensburg walirudi, ndiyo, na mji umejengwa upya. Lakini sensa ya 2000 iliwahesabu watu 1,574, na ya 2010 ikawahesabu 777. Nusu hawapo. Sijasikia mtu akiwaita waoga. Hapa kwetu, anayesita kurudi kwenye kiwanja cha bondeni huambiwa haipendi nchi yake. Maneno hayo sikubaliani nayo. Mtu apewe habari kwanza, kisha ndipo upimwe uzalendo wake.

Ninachoomba hakihitaji fedha za wafadhili. Kila mkuu wa kilima awe na daftari moja. Aite wazee waliobaki, nao ni wachache, na aandike mwaka, maji yalifika wapi, upepo ulitokea upande gani, nani walikufa. Anayepewa kiwanja asomewe kabla ya kutia sahihi. Na wewe mfanyabiashara unayetafuta kibanda cha kuhifadhi mizigo karibu na mpaka, usimwulize anayekipangisha. Mwulize bibi anayeuza ndagala jirani yake.

Mwembe ule bado upo. Yule mzee alifariki kabla sijamwuliza kuhusu mito.