Hoteli kubwa za ugenini: Ituri inalipa fakture, nani anapata faida?

Uchambuzi

Mfanyabiashara wa samaki wa Tchomia anayekwenda Kampala kutafuta mota za pirogi, nyavu ama mnunuzi mpya wa makayabo anaanza safari yake kwenye maji. Anavuka ziwa Albert hadi Ntoroko, anapanda gari kupitia Fort Portal, na jioni ama kesho yake anaingia jiji asilolijua vizuri. Hapo swali la kwanza halihusu samaki wala nyavu. Ni swali la mahali pa kulala: chumba cha bei ndogo karibu na soko, ama hoteli kubwa yenye mlinzi mlangoni, umeme wa saa 24 na intaneti?

Wengi wanaona swali hili kama jambo la starehe. Kwa Ituri ya leo ni swali la uchumi, na pia la siasa. Pesa nyingi zinazotoka katika jimbo hili kwa jina la misioni zinaishia kwenye resepsioni za miji ya mbali. Na mambo makubwa yanayohusu ziwa letu na usalama wetu yamezungumzwa mara nyingi katika kumbi za hoteli ambazo mvuvi wa Tchomia hajawahi kuziona.

Njia za biashara zimebadilika

Kwa miaka mingi, Goma ilikuwa mlango wa mashariki ya Kongo. Mtu wa Bunia mwenye shughuli na benki, shirika la kimataifa ama kampuni ya usafirishaji alijua kwamba mambo mengi yatamalizikia kule. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 waliingia Goma. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki nazo zikafunga milango. Mwezi uliofuata Bukavu pia ikaanguka mikononi mwao.

Wafanyabiashara walilazimika kutafuta njia nyingine. Wa kusini walielekea Kigali, wengine Beni, wengine Kisangani. Kwa Ituri, uzito ulihamia upande wa Uganda kuliko zamani. Mambo mengine yalikuwa yamekwisha kusaidia: Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, na Uganda iliondoa malipo ya viza kwa Wakongomani tangu Januari 2024. Leo mtu wa Mahagi, Aru, Kasenyi ama Tchomia anaweza kufika Kampala kwa urahisi kuliko kufika Kinshasa, ambako bila ndege hakuna safari ya kueleweka.

Lakini njia ikifunguka, pesa nazo zinapata mlango wa kutokea. Kila safari ya kazi ina malipo ya usafiri, chakula na chumba. Chumba ndicho mara nyingi kinakula sehemu kubwa.

Hoteli kubwa inauza nini?

Ni vibaya kumcheka mfanyabiashara anayechagua hoteli ya gharama na kusema anapenda sifa. Hoteli kubwa haiuzi kitanda tu. Inauza usalama kwa mtu anayetembea na pesa taslimu, na wafanyabiashara wengi wa Ituri bado wanasafiri hivyo. Inauza umeme usiokatika, ili simu na kompyuta zifanye kazi. Inauza fakture yenye muhuri, ambayo mtu aliyetumwa na shirika ama kampuni lazima airudishe biro. Zaidi ya yote inauza anwani. Mgeni anayemwambia mnunuzi wa Kampala "tukutane kwenye hoteli fulani" anapokelewa tofauti na anayesema "nitakupigia nikipata mahali".

Kwa sababu hiyo, kwa mtu mwenye mkataba mkubwa wa kusaini, usiku 2 katika hoteli nzuri unaweza kuwa matumizi ya akili. Kwa mtu anayekwenda kununua mota 1 ya pirogi, usiku huo unaweza kumeza faida yote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme chumba kimetangazwa kwa dola 120. Nchini Uganda kodi ya ongezeko la thamani ni 18%. Kama bei hiyo haijaiweka kodi ndani, usiku 1 unafika dola 141 na senti 60, na usiku 3 ni karibu dola 425, kabla ya chakula cha jioni, kufuliwa nguo na teksi. Kule Kinshasa kodi hiyo ni 16%. Mgeni asiyeuliza mapema kama bei ina kodi ndani anaweza kushtuka siku ya kuondoka, wakati hana tena nafasi ya kubishana.

Jambo la pili ni kubadilisha pesa. Mtu wa Ituri anaishi na pesa 3: faranga ya Kongo, dola na shilingi ya Uganda. Hoteli inayokubali dola inapanga kiwango chake yenyewe, na mara nyingi hakilingani na kile cha wabadilishaji wa mjini. Mwaka 2025 faranga yetu ilipopanda ghafla mbele ya dola, wengi waliokuwa wameweka akiba yao kwa dola waliona thamani yake nyumbani ikipungua. Kwa msafiri, kila kubadilisha ni hasara ndogo, na hasara ndogo 5 katika safari 1 zinakuwa kubwa.

Pesa ya misioni inapogeuza mji

Si wafanyabiashara peke yao wanaojaza hoteli. Kundi kubwa ni watu wa misioni: wafanyakazi wa serikali, mashirika, miradi na semina. Hawa hawalipi kutoka mfukoni mwao, na hapo ndipo bei zinapoharibika.

Ituri na Kivu ya Kaskazini zinakumbuka kipindi cha Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Mwezi Septemba 2018 ugonjwa ulifika hata Tchomia, kwenye mwambao wa ziwa, na hofu ya kuvuka hadi Uganda ikawa kubwa. Kazi ya kuokoa maisha ilihitaji watu, magari na vyumba. Lakini raia waliona pia bei za nyumba, magari na vyumba vikipanda, wakaanza kusema juu ya "Ebola business". Neno hilo lilibeba uchungu: watu waliona ugonjwa wao ukiwa soko la wengine, na uchungu huo ulidhoofisha imani kwa timu za afya.

Somo lake bado lipo. Mji unaopokea pesa nyingi za misioni bila kuwa na hoteli, masoko na watoa huduma wa kutosha hautajiriki sawasawa. Wanafaidika wachache wenye nyumba nzuri na jenereta. Mwalimu anayepanga chumba 1 analipishwa zaidi kwa sababu mwenye nyumba amezoea dola za wageni.

Ziwa letu, ukumbi wa wengine

Kuna upande wa pili wa habari hii, nao ni mzito zaidi.

Mwezi Agosti 2007, mapigano kwenye ziwa Albert yaliua watu, akiwemo mfanyakazi wa kigeni wa utafiti wa mafuta. Wavuvi wa pande zote 2 waliingiwa na woga. Tarehe 8 Septemba 2007, Rais Joseph Kabila na Rais Yoweri Museveni walisaini makubaliano juu ya mpaka, kisiwa cha Rukwanzi, usalama na mafuta. Walisaini wapi? Katika hoteli ya Ngurdoto, karibu na Arusha, Tanzania. Makubaliano yenyewe yanaitwa mpaka leo kwa jina la hoteli hiyo. Rukwanzi iko kusini ya ziwa, katika maji ambayo watu wa Kasenyi na Tchomia wanayafahamu kama kiganja cha mkono. Arusha wengi wao hawaijui.

Mwaka 2002, zaidi ya wajumbe 300 wa mazungumzo ya Wakongomani walikaa karibu miezi 2 huko Sun City, Afrika Kusini, mahali pa hoteli, kasino na uwanja wa gofu. Wakati huo huo Ituri ilikuwa inawaka. Na mwisho wa 2022, duru ya 3 ya mazungumzo ya Nairobi ilifanyika katika hoteli ya Safari Park. Wawakilishi wa makundi ya silaha na jamii za Ituri walikuwepo. Siku za mwisho, baadhi ya wajumbe walilalamika hadharani juu ya posho ambayo hawajalipwa.

Hatusemi kwamba mazungumzo ya mbali hayana maana. Wakati mwingine maadui hawawezi kukutana nyumbani bila kuuana, na hoteli ya ugenini inawapa usalama wa kusemezana. Safari ya amani ya mwaka 2003 ilianza kutokana na yale ya Sun City na Pretoria. Lakini hoteli ina tabia yake. Inamtenga mjumbe na watu aliowaacha. Anayekula mara 3 kwa siku hana haraka kama aliye kambini. Na posho inapokuwa ndiyo habari, amani inakuwa habari ya pili.

Kuna mfano mwingine wa karibu. Mwisho wa Mei 2023, makundi kadhaa ya silaha ya Ituri yalikutana Aru, ndani ya jimbo, na tarehe 1 Juni yakasaini ahadi ya kusimamisha vita. Ahadi hiyo haikuzima moto wote, na mashambulizi yameendelea Djugu na kwingineko. Lakini raia waliwajua waliosaini, walijua wameahidi nini, na waliweza kuwauliza. Mkutano wa mbali hauwapi raia nafasi hiyo.

Nini kifanyike?

Kwa wafanyabiashara, dawa ya kwanza ni kusafiri kwa kikundi. Wauzaji wa samaki 5 wanaokubaliana kwenda pamoja wanaweza kuomba punguzo la bei na kukodi gari 1. Wanaweza pia kulala katika nyumba ya wageni ya kawaida, kisha kwenda kukutana na mnunuzi katika hoteli kubwa. Kuketi katika ukumbi wa chini na kunywa chai hakulazimishi mtu kulipa chumba. Kabla ya kuondoka nyumbani, waulize maswali 3 kwa simu: bei ina kodi ndani? Chakula cha asubuhi kimo? Mnakubali pesa gani na kwa kiwango gani?

Kwa mashirika na serikali, kila semina juu ya wavuvi iulizwe kwanza: kwa nini isifanyike Tchomia, Kasenyi ama Mahagi-Port? Jibu likiwa ni usalama, basi usalama wa barabara ya Bunia kushuka hadi ziwani, karibu kilomita 60, ndiyo kazi ya kufanya kwanza. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Raia wana haki ya kuuliza kama leo mgeni anaweza kushuka Tchomia, kulala na kurudi bila woga.

Kwa wenye hoteli wa Bunia, nafasi imefunguka tangu Goma kufungwa. Lakini mteja wa biashara hatabaki kwa sababu ya rangi mpya ya ukuta. Atabaki akipata maji, umeme, intaneti, fakture ya kweli na bei ileile iliyosemwa kwenye simu.

Upande wa pili wa ziwa, Hoima imejenga hoteli nyingi kwa kusubiri mafuta. Mvuvi wa Tchomia anavua katika maji hayo hayo, juu ya bonde lile lile. Kama mikutano kuhusu maji hayo itaendelea kufanyika mbali naye, ataendelea kulipia vyumba vya wengine, kwa faida ya samaki wake na kwa haki yake ya kusikilizwa.