Chai ya moto, saratani ya umio na watafiti vijana tunaowahitaji

Kwenye vipindi vyetu vya afya kuna swali ambalo halikosi: "Kwa nini huku kwetu watu wengi wanapata saratani ya umio?" Umio ni njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huanza taratibu. Ugali unakwama, baadaye uji, mwisho hata maji hayapiti. Wengi hufika hospitali wakati huo wa mwisho.

Msikilizaji, swali hilo ni la haki. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani hii kuliko sehemu nyingi za dunia. Kulijibu kunahitaji watafiti. Leo tunaeleza kwa nini watafiti vijana kutoka maeneo kama yetu ni wachache, na kwa nini mwaka 2025 mambo yao yalizidi kuwa magumu.

Jibu lililoanzia jikoni

Mwaka 2015 ilichapishwa ripoti ya utafiti uliofanyika Kilimanjaro, na jina la kwanza kwenye ripoti hiyo ni la Mtanzania, Munishi. Watafiti walifanya jambo linaloonekana dogo: walipima joto la chai mtu anapopiga funda la kwanza. Wastani ulikuwa nyuzi 70 na kidogo. Tena chai ya maziwa ilinywewa ikiwa ya moto kuliko ya rangi.

Mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Mwaka 2019, utafiti uliofanyika Eldoret, Kenya, nao ukaonyesha kuwa wanaokunywa vinywaji vya moto sana wako kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo wasiwasi hauko kwenye majani ya chai, uko kwenye joto lake. Tumbaku na pombe pia zimo.

Aliyekulia katika nyumba zetu hahitaji kuambiwa kwamba maziwa na chai huchemshwa pamoja na kumiminwa kikombeni papo hapo. Anajua pia kumuuliza bibi kuhusu ugonjwa bila kumtisha, kwa lugha anayoielewa. Hapo ndipo tunaona umuhimu wa mtafiti wa kwetu.

Kwa nini ni wachache?

Kijana wa shule ya kata akifika chuo cha tiba, tayari amepita milima mingi. Akihitimu anakabidhiwa wodi iliyojaa, na utafiti unabaki kuwa kazi ya usiku. Maombi ya fedha huandikwa kwa Kiingereza, na mfadhili anataka kuona kazi ulizokwisha kuchapisha. Hujachapisha kwa sababu hukupata fedha, na hupati fedha kwa sababu hujachapisha. Kwa wanawake, miaka hiyo hiyo ndiyo ya uzazi na malezi.

Hili si la Afrika peke yake. Nchini Marekani, uchambuzi uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kuwa watafiti weusi walikuwa na nafasi ndogo kuliko wenzao weupe ya kupata fedha za taasisi ya taifa ya afya, NIH, hata sifa zao zilipolinganishwa.

Fedha za nje zinapokauka

NIH hiyo hiyo ni mfadhili mkubwa wa utafiti wa afya Afrika. Mara nyingi fedha zilikuwa zikipewa chuo cha Marekani, nacho kikigawia chuo cha huku. Tarehe 1 Mei 2025, NIH ilitangaza kusitisha migao mipya ya namna hiyo hadi utaratibu mpya uwekwe. Serikali ya Marekani pia ilipendekeza kufuta kituo cha Fogarty, ambacho kwa miaka mingi kimefadhili watafiti wachanga wa nchi zetu.

Anayeumia kwanza ni kijana. Profesa ana mshahara wa chuo, lakini mtafiti mchanga mara nyingi ana mkataba unaokwisha mradi unapokwisha.

Viongozi wa Afrika walikwisha kukubaliana kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi bado hazijafika hapo. Tunaona ahadi hiyo ndiyo ya kudaiwa, kwa sababu asiye na fedha zake hachagui swali la kuchunguzwa.

Wewe unaweza kufanya nini?

Mbunge wako akija kijijini, muulize kuhusu fedha za utafiti kama unavyomuuliza kuhusu barabara. Mtafiti akibisha hodi, muombe kibali na maelezo kamili. Una haki ya kukubali au kukataa, na ya kuuliza majibu yatarudije kijijini.

Na kuanzia leo, iache chai ipoe kidogo kabla ya kunywa. Chakula kikianza kukwama, usisubiri hadi maji nayo yagome. Nenda hospitali mapema.